KUTANDIKA MATOFALI KWENYE VITUO VYA MAJI PENYE TOPE



Hapa Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo, pembeni ya bomba nyingi huwa ni tope tupu. Watoto na akina mama wenye ndoo kichwani huteleza na kuumia. Ndoo ikiwekwa kwenye tope, uchafu wa chini yake hufika hadi nyumbani. Maji yanayotuama huzaa mbu wa malaria. Tusisahau kuwa Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na kuua watu.

Watu wa vijiji vingi hutandika matofali, lakini baada ya mvua mbili matofali huzama. Kosa si la tofali. Udongo wa mfinyanzi ukilowa hulainika. Tukiukanyaga, tope hupanda juu na tofali hushuka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa maji, na kutandika hufuata baadaye.

Wakati mzuri wa kazi hii ni Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa kavu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Ona kamati ya maji kabla ya kuchimba. Fundi aonyeshe mabomba yanapopita chini, yasikatwe na jembe.

2. Chimba mfereji upande wa bondeni, kina cha sentimeta 30, uelekee mbali na nyumba. Shimo la kufyonza maji halifai kwenye mfinyanzi kwa sababu hujaa na kubaki hivyo. Ni afadhali kupeleka maji kwenye migomba au bustani.

3. Ondoa tope na udongo laini, kina cha sentimeta 20 hivi. Chini ya shimo painamie mfereji na pafunguke humo. Shimo lililozibwa pande zote hugeuka bwawa chini ya matofali.

4. Tandaza viroba vikuukuu vya kusukwa. Hupitisha maji lakini huzuia tope lisichanganyike na kokoto. Msitumie shitingi ya plastiki; hiyo huzuia maji.

5. Mwaga kokoto au vipande vya matofali ya kuchoma, jumla sentimeta 15, kwa matabaka mawili. Shindilia kila tabaka kwa gogo zito mpaka kisigino kisiache alama.

6. Jenga kingo kwa mawe au matofali na saruji. Bila kingo matofali ya pembeni husogea, na ya katikati hufuata. Upande wa mfereji acha matundu ya kutolea maji.

7. Tandaza mchanga sentimeta 4, usawazishe kwa ubao. Kila mita 1 ishuke sentimeta 2. Kupima: chukua ubao wa mita 1, weka kipande cha mti cha sentimeta 2 chini ya ncha ya bondeni, kisha weka pima maji juu yake. Kiputo kikikaa katikati, mteremko ni sawa.

8. Panga matofali yakibanana, viungo vya mstari mmoja visikutane na vya mstari unaofuata. Fagilia mchanga mkavu kwenye nyufa, gonga kwa ubao, kisha fagilia tena.

TOFALI GANI?

Tumia yaliyoiva tu. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama chuma. Loweka moja kwenye ndoo usiku kucha, likimomonyoka, usilitumie. Matofali ya sentimeta 20 kwa 10 yakilazwa, mita 1 ya mraba huhitaji 50.

UTUNZAJI

Mfereji usafishwe kila wiki, na wakati wa masika baada ya kila mvua kubwa. Tofali likizama, ling'oeni, ongezeni kokoto na mchanga, mlirudishe. Msiache shimo likue.

Bomba ni letu sote. Kila mtaa uchague watu wawili wa kusimamia mfereji kabla mvua za kwanza hazijanyesha.