Duara la Mwarobaini Si Tiba

Swali hili nimeulizwa hadi limenichosha: "Daktari, si nyinyi mlipima mkaona mwarobaini unaua bakteria? Mbona basi hospitalini hawautoi?" Naulizwa sokoni Malindi, naulizwa ndani ya matatu za Kilifi, na siku hizi swali linakuja na picha ya simu: kisahani cha maabara chenye duara angavu. Muulizaji huichukua picha ile kuwa hukumu. Si hukumu.

Duara hilo hupatikana hivi: bakteria hupakwa juu ya rojo iliyoganda, kisha huwekwa kikaratasi cha milimita 6 kilichodondoshewa dawa. Kikilala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35 hivi, asubuhi utakuta utando mzito wa rangi ya maziwa umetanda kote isipokuwa kwenye duara linalozunguka kikaratasi. Hapo ndipo watu wanaposhangilia. Lakini siki nayo huacha duara. Jik ya kufulia huacha duara, nayo ukiinywa itakuunguza koo.

Wengine huniambia duara la majani limelipita la antibiotiki ya gentamaisini. Wapige hesabu. Kikaratasi cha gentamaisini hubeba mikrogramu 10. Cha majani, kikidondoshewa mikrolita 10 za dawa iliyokamuliwa yenye miligramu 100 kwa kila mililita, hubeba mikrogramu 1,000. Hiyo ni mara 100, halafu tunaita mashindano! Tena dawa yenye mafuta haisambai vizuri kwenye rojo, kwa hiyo duara dogo nalo halimaanishi dawa ni dhaifu.

Tuseme dawa hiyo inazuia bakteria ikifika miligramu 1 kwa mililita, kiwango kinachosifiwa katika ripoti nyingi. Mtu mzima ana maji kama lita 40 mwilini. Kuyafikia yote kwa kiwango hicho kunataka gramu 40 za dawa iliyokamuliwa, na ini lisiguse hata chembe. Majani makavu yakitoa sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ni gramu 400 za majani kwa dozi moja. Hakuna bibi huko Mambrui anayempa mgonjwa kiasi hicho. Na bibi huchemsha kwa maji, wakati maabara mara nyingi hulowesha kwa methanoli. Kilichopimwa sicho kilichomo kikombeni.

Msiniambie cha asili hakidhuru. Mafuta ya mwarobaini, waliyonyweshwa watoto wachanga Malaysia na India, yaliwaletea kutapika, degedege na hata kifo.

Mitishamba siidharau. Dawa ya malaria inayotolewa zahanati zetu ilitokana na mmea wa Kichina, na Tu Youyou, mwanasayansi aliyeigundua, alipata Nobeli mwaka 2015. Lakini yeye hakuishia kwenye picha: alibadili namna ya kukamua kwa sababu joto liliharibu dawa, akapima kwa wanyama, kisha kwa watu.

Kwa wanafunzi wanaotaka kupima, kwa ufupi. Ombeni ruhusa ya wazee wa kaya na mkubaliane nao kwa maandishi. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ipo tangu 2016. Ulizeni kinachotumika ni mzizi, gome au jani, na kinaandaliwaje, kisha kiandaeni vivyo hivyo. Tawi lililokaushwa lipelekeni hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kwenye kisahani wekeni pia kikaratasi chenye kiyeyusho kitupu, cha kulinganishia. Tafuteni kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria; kikizidi mikrogramu 100 kwa mililita, msitangaze ushindi. Pimeni sumu kwenye seli hai kabla ya kuita waandishi wa habari.

Na wewe mwenye kidonda kinachotoa usaha au homa isiyoshuka, nenda hospitali ya Malindi au Kilifi leo. Uliza kama usaha unaweza kuoteshwa maabara kabla hujaanza antibiotiki, maliza dozi uliyopewa, na mtajie daktari kila jani ulilokunywa, maana mengine hugongana na dawa. Mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto kamwe.