Mbio za Lewa: Jinsi jasho la mkimbiaji linavyogeuka ulinzi wa kifaru na karo ya mtoto

KILA mwaka, mwezi Juni unapokaribia kwisha, helikopta huruka alfajiri juu ya nyika iliyo kaskazini mwa Mlima Kenya. Waliomo ndani hawawasaki majangili wala wezi wa mifugo. Wanatafuta simba, ndovu na vifaru waliolala kando ya barabara za vumbi ambazo, muda mfupi baadaye, zitajaa mamia ya wakimbiaji.

Mnyama akionekana karibu na njia, hufukuzwa taratibu hadi mbali. Askari wenye bunduki nao husimama sehemu mbalimbali, wakitazama vichaka. Mbio huanza baada tu ya habari kufika kwamba njia ni salama.

Hizo ndizo mbio za marathon za Lewa, zilizoanzishwa mwaka wa 2000 katika hifadhi ya wanyamapori ya Lewa, Kaunti ya Meru. Wakenya wengi huzijua kwa picha za magazetini: mkimbiaji mbele, twiga nyuma. Lakini picha hizo haziwezi kujibu swali lililo muhimu zaidi. Kwa nini mtu alipe ada ili akateseke vumbini, na fedha anazolipa huenda wapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mbio za hisani zimeota mizizi nchini. Jijini Nairobi, kwa mfano, maelfu ya watu wamekuwa wakijitokeza katika mbio za hospitali ya Mater ili kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo. Anayetoa shilingi yake ana haki ya kujua jinsi mbio zinavyozalisha fedha, na mahali ambapo nguvu za fedha hizo hukomea.

Juni ni mwanzo wa kipupwe, ule msimu wa baridi unaowafanya wakazi wa Limuru na Nyahururu kutembea wamejikunyata. Lewa iko upande wa mlima unaotazama nyanda kame za Isiolo na Samburu. Wakati huo mvua za masika huwa zimekwisha, na majani yameanza kugeuka rangi. Asubuhi huwa na ubaridi unaomfaa mkimbiaji, lakini ubaridi huo haudumu. Jua likishapanda, nyika huwa haina kivuli cha kutosha, na mkimbiaji anayejikokota hujikuta akimalizia safari yake katika joto kali. Ndiyo sababu mbio huanza asubuhi na mapema.

Kwa kanuni za riadha, mashindano ya Lewa hayahesabiwi kuwa mbio za nyika. Mbio za nyika ni mashindano ya masafa mafupi kuliko marathon, ambayo hukimbiwa juu ya nyasi, matope na vilima. Yalizaliwa Uingereza katika karne ya 19, ambako wanafunzi na vyama vya wakimbiaji walivuka mashamba wakati wa majira ya baridi. Mashindano ya kwanza ya kimataifa yalifanyika mwaka wa 1903 huko Hamilton, Scotland, na yale ya dunia yakaanza chini ya shirikisho la riadha la kimataifa mwaka wa 1973 huko Waregem, Ubelgiji.

Kenya ilipoingia katika mchezo huo, iliugeuza mali yake. Kuanzia mwaka wa 1986 hadi 2003, timu yake ya wanaume ilitwaa ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo. John Ngugi na Paul Tergat walishinda taji la mkimbiaji mmoja mmoja mara tano kila mmoja, Tergat akifanya hivyo bila kukatizwa kati ya 1995 na 1999.

Hata hivyo, undugu wa Lewa na mchezo huo ni dhahiri. Hakuna lami. Njia ni ya udongo, ina mapanda-shuka yasiyokwisha, na mawe madogo huyumbisha vifundo vya miguu. Mzunguko mmoja ni nusu marathon, yaani kilomita 21. Anayekimbia marathon kamili huuzunguka mara mbili, na hivyo hulazimika kupita karibu na mahali ambapo wenzake wa nusu marathon wanapumzika, kisha arudi tena jangwani. Wengi husema kwamba hapo ndipo mbio zenyewe zinapoanza.

Adui mwingine haonekani kwa macho. Lewa iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo, kila pumzi humpa mtu oksijeni iliyopungua kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na pumzi ya mkazi wa Mombasa. Mwanariadha wa Iten, aliyezoea urefu wa zaidi ya mita 2,000, hashtuki. Mgeni kutoka London hushtuka kabla ya kilomita ya tano.

Matokeo yake huonekana kwenye saa. Jijini Chicago, Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathon kwa saa mbili na sekunde 35. Huko Lewa, washindi huhitaji zaidi ya saa mbili na dakika kumi. Haendi huko mtu anayetafuta rekodi.

Sasa, fedha hupatikanaje? Mkenya yeyote aliyewahi kuhudhuria harambee ataelewa upesi, kwa sababu mbio za hisani ni harambee inayoendeshwa kwa miguu. Mapato hutoka katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ada ya kushiriki. La pili ni ahadi: mkimbiaji huwaendea jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzake, akawaeleza kwamba ataikabili nyika kwa ajili ya jambo fulani, na kuwaomba wamuunge mkono kwa kiasi chochote. La tatu ni kampuni na mashirika yanayolipia vikundi vya wafanyakazi wao au kugharamia matayarisho. Kwa miaka mingi mbio za Lewa zilibeba jina la mfadhili wake mkuu, kampuni ya simu ya Safaricom.

Kwa hivyo, anayekata utepe wa kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta fedha nyingi. Karani wa benki aliyetembea nusu ya njia huku akishika kiuno huenda akawa amechangisha mara kadhaa ya alichochangisha bingwa. Bingwa huvuta macho ya watu na kamera. Karani huvuta mifuko ya jamaa zake. Mbio za hisani huwahitaji wote wawili.

Fungu la tatu lina umuhimu ambao aghalabu hausemwi. Helikopta hunywa mafuta. Madaktari, maji ya kunywa, mahema na ulinzi vyote vina gharama. Iwapo gharama hizo hazina mfadhili, hulipwa kutokana na ada za wakimbiaji, na kinachobaki kwa ajili ya hisani hupungua. Iwapo zina mfadhili, sehemu kubwa ya ada hufika kunakokusudiwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mbio zinazosaidia na mbio zinazojilisha zenyewe.

Ili kuelewa fedha hizo zilikusudiwa nini, ni lazima kurejea nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, hawakufika 400. Pembe zilikuwa zimewamaliza.

Lewa wakati huo lilikuwa shamba la ng'ombe la familia ya Craig, walowezi waliolimiliki tangu miaka ya 1920. Mwaka wa 1983, familia hiyo ilishirikiana na Anna Merz, mwanamke mzaliwa wa Uingereza, kutenga ekari 5,000 na kuzizungushia ua ili vifaru wachache waliosalia wapate pa kuzaana. Mwaka wa 1995 shamba zima likageuzwa hifadhi, ambayo sasa ina ekari zipatazo 62,000. Mwaka wa 2013, UNESCO iliiunganisha na Mlima Kenya katika orodha ya turathi za dunia.

Kumlinda kifaru ni kazi ghali. Kila mmoja hutafutwa na kuhesabiwa na askari wanaomjua kwa alama za masikio na umbo la pembe. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2010 majangili walifaulu kuua vifaru hata ndani ya Lewa. Subira imelipa, lakini: mwishoni mwa mwaka wa 2023, idadi ya vifaru weusi nchini ilikuwa imepita 1,000.

Ni kwa ajili ya mzigo huo ndipo Lewa na shirika la hisani la Tusk, lenye makao yake Uingereza, zilipoanzisha mbio hizi. Mwaka wa kwanza wakimbiaji hawakuzidi 200. Baadaye walipita 1,000, kutoka nchi nyingi za dunia, na mbio fupi za watoto zikaongezwa.

Hata hivyo, fedha hizo hazikuwekwa zote kwenye risasi na redio za askari. Sehemu yake imekwenda katika shule, zahanati na miradi ya maji ya vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na katika uhifadhi wa maeneo mengine. Wapo wanaoshangaa: kifaru ana uhusiano gani na zahanati?

Uhusiano ni mkubwa. Ua wa umeme unaweza kumzuia mnyama, lakini hauwezi kumzuia mtu mwenye njaa. Jangili huhitaji mwenyeji wa kumwonyesha njia na kumficha usiku. Mwenyeji ambaye mtoto wake anasoma kwa karo iliyotokana na hifadhi ana sababu ya kupiga simu anapomwona mgeni wa kutiliwa shaka. Asiyenufaika kwa lolote hana sababu hiyo. Kwake, kifaru ni mnyama wa matajiri anayekula majani ambayo ng'ombe wake wameyakosa.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka wa 2017, ukame ulipozidi, wafugaji waliingiza maelfu ya mifugo katika mashamba makubwa ya Laikipia, jirani ya Lewa. Watu waliuawa na mali ikateketezwa. Ukame uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Kati ya Februari na Oktoba 2022, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini, na punda milia 49 wa aina ya Grevy, wale wenye milia myembamba ambao wamesalia wachache mno duniani na ambao Lewa ni mojawapo ya makimbilio yao. Wafugaji nao walipoteza mifugo kwa mamilioni.

Hapo ndipo mipaka ya hisani inapojitokeza. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga mipaka na viwanja vya ndege, wakimbiaji hawakuweza kukusanyika Lewa. Ilibidi kila mmoja akimbie kwao na kutuma mchango kwa mtandao. Watalii nao hawakuja. Vifaru, hata hivyo, waliendelea kuhitaji ulinzi kila usiku, na watoto waliendelea kuhitaji karo. Msaada unaotegemea hiari ya watu hupungua wakati ambapo mahitaji yanazidi.

Isitoshe, kuna wajibu ambao hauwezi kuachiwa wakimbiaji. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliahidi fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori. Familia nyingi zimengoja malipo hayo kwa miaka. Mama aliyempoteza mwanawe kwa ndovu hawezi kutulizwa kwa kuambiwa kwamba wageni walikimbia vizuri mwezi Juni. Vivyo hivyo, suala la nani alistahili kumiliki ardhi ya nyanda hizo tangu enzi za ukoloni haliwezi kumalizwa kwa medali.

Hayo hayaziondolei mbio za Lewa thamani yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa zaidi ya miaka 20 kibaba hiki kimewasomesha watoto na kuwalinda wanyama ambao wangekuwa wamebaki katika vitabu pekee. Kosa ni kukiona kibaba kuwa ghala.

Kwa anayefikiria kushiriki mbio za hisani, ziwe za Lewa au za mtaani kwake, maswali ya kuuliza ni matatu. Ni nani anayelipia matayarisho? Ni sehemu gani ya ada yangu itakayofika kunakotajwa? Na je, wanaosemekana kusaidiwa walishirikishwa katika kuamua wanachohitaji? Waandalizi waaminifu hawakosi majibu.

Jua la Juni likishatua Lewa, mahema hukunjwa na magari ya wageni hushika barabara ya Nanyuki. Wakimbiaji huondoka na medali na misuli inayouma. Askari wa zamu ya usiku huchukua bunduki zao na kurudi vichakani kuwahesabu vifaru, na ng'ambo ya ua mfugaji huhesabu mbuzi wake kabla ya kufunga boma. Mafanikio ya mbio hizo hupimwa kwa jinsi watu hao wawili watakavyoishi hadi Juni nyingine: kama majirani, au kama maadui.