Mashine ya CD4 Isifunikwe Kitambaa

Katika toleo hili tumeona vema tueleze juu ya vifaa viwili vinavyopatikana katika maabara za hospitali zetu za kanisa hapa Tanzania: mashine ya kuhesabu chembe za CD4, na hadubini ya mwanga inayotafuta vimelea vya kifua kikuu (TB). Tunafanya hivyo kwa sababu tunaulizwa mara kwa mara: kama siku hizi kila mwenye VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri kipimo cha CD4, mashine hiyo ni ya nini tena? Jibu letu ni kwamba bado ina kazi, na inapokaa bure wako watakaopoteza maisha.

Inavyofanya kazi

CD4 ni chembechembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili, na hizo ndizo VVU huzishambulia. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila milimita moja ya ujazo wa damu.

Mtaalamu wa maabara huchanganya damu kidogo na kitendanishi chenye kingamwili zilizofungwa rangi maalumu. Kingamwili hizo hunata kwenye chembe za CD4. Kisha mashine, ambayo wataalamu huiita saitometa, huipitisha damu katika njia nyembamba sana hata chembe zikapita moja moja, kama ng'ombe wanavyopita mmoja mmoja kwenye josho. Kila chembe hupigwa na mwanga wa leza. Yenye rangi hung'aa, na mashine huihesabu.

Hadubini ya fluoresensi hufuata kanuni hiyo hiyo. Makohozi hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi iitwayo auramini. Chini ya mwanga wa buluu, vimelea vya TB huonekana kama vijiti vya manjano-kijani gizani. Uwezo wake wa kuvigundua umezidi ule wa hadubini ya kawaida kwa takribani asilimia 10, na usomaji wake ni wa haraka zaidi. Zamani ilitumia taa ya zebaki iliyodumu saa 200 hadi 300 tu. Taa za LED hudumu saa 10,000 na zaidi, tena zaweza kutumia betri. Leo kipimo cha kwanza cha TB kinachoshauriwa ni cha vinasaba, kama GeneXpert. Lakini kipimo hicho hutambua hata vimelea vilivyokufa, hivyo hakifai kufuatilia mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa. Hapo hadubini bado inahitajika.

Kwa nini tuhesabu bado?

Miaka ya nyuma CD4 ndiyo iliyoamua nani aanze ARV. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka kiwango cha 350, na mwaka 2013 likakipandisha hadi 500. Mwaka 2015 likasema kila mwenye VVU aanze dawa, na Tanzania ikaufuata utaratibu huo mwaka 2016. Hilo ni jambo jema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sehemu nyingi zilichukulia kwamba kipimo kimekwisha kazi, na fedha za vitendanishi zikapungua.

Hata hivyo, wako wanaokuja wakiwa wamechelewa, na wako walioacha dawa kisha wakarudi. Mtu aweza kufika kliniki kwa miguu yake, ameoga na kuvaa vizuri, kumbe CD4 zake ni 60. Kwa macho hutamtambua. Mwaka 2017 WHO lilieleza kwamba mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200 ana ugonjwa uliofikia hatua mbaya. Huyo achunguzwe TB, apimwe damu kama ana fangasi aletaye homa ya uti wa mgongo, na apewe dawa za kinga kama septrini. Pasipo ile namba, atapewa ARV na kurudi nyumbani, huku ugonjwa mwingine ukiendelea kimyakimya.

Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, huduma za VVU ziliyumba katika nchi nyingi za Afrika. Kila aliyekatikiwa dawa anaporudi anahitaji kuhesabiwa upya.

Maabara ya pamoja, wajibu wa pamoja

Zahanati ya kijijini haiwezi kununua mashine ya namna hii, ndiyo maana hospitali moja huhudumia vituo kadhaa. Ili majibu yawe ya kweli, kila mmoja ana sehemu yake:

- Kituo kinachotuma damu kitumie chupa yenye kifuniko cha zambarau, kisiigandishe wala kuiweka kwenye jokofu, na kiifikishe ndani ya saa zilizowekwa na maabara.
- Maabara ihakiki mashine kila asubuhi kabla ya kupima mgonjwa wa kwanza, na iilinde na vumbi na umeme usiotulia.
- Vioo vilivyotiwa auramini vitunzwe gizani na kusomwa mapema, kwa kuwa rangi hupauka.
- Majibu yarudishwe kituoni. Jibu lililobaki kwenye droo halijamsaidia mgonjwa.

Katika ziara zetu tumewahi kukuta mashine imefunikwa kitambaa kilichodariziwa vizuri, safi kabisa, lakini vitendanishi hakuna. Hatukumlaumu mtu, ila tulikumbuka mfano wa yule mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini. Naye hakuiharibu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za hospitali ziweke vitendanishi na matengenezo kwenye bajeti ya mwaka, zisingoje mfadhili. Pale mashine inapoharibika, kipo kipimo kidogo kisichohitaji umeme kinachoonyesha kama CD4 zimepita 200 au la, kiulizieni. Nawe ndugu unayeanza dawa, au uliyeacha na sasa umerudi, usione haya kumwuliza mhudumu: "CD4 zangu ni ngapi?"