Hedifoni za Kuzima Kelele: Tuchague Ipi kwa Usalama wa Masikio?

Siku hizi si ajabu kumwona kijana ndani ya basi amefunika masikio yake kwa hedifoni tangu anapopanda mpaka anaposhuka. Wengine hutumia zile ndogo za kuchomeka sikioni. Wengine, hasa wenye ndugu Ulaya, Marekani au Uarabuni, huletewa zile kubwa za bei ghali zinazosifiwa kuwa zinazima kelele. Wazazi wengi hujiuliza: Je, zina faida yoyote kwa afya, au ni fahari tu? Na kama ni kununua, tuchukue ipi?

Sikio huumiaje?

Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kidogo kilichojisokota kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Kazi yake ni kupokea mtikisiko wa sauti na kupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kubwa huzilaza seli hizo kama nyasi zilizokanyagwa. Zikipumzishwa mapema huinuka tena, lakini zikikanyagwa kila siku hufa. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena. Hakuna kidonge wala dawa ya matone itakayozirudisha.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Hivyo mtu anayesikiliza kwa desibeli 90 amemaliza kiasi cha wiki nzima kwa saa 4 tu! Shirika hilo linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza vibaya.

Kelele huzimwaje?

Sauti husafiri hewani kwa mawimbi. Hedifoni hizi zina maikrofoni ndogo zinazosikiliza kelele ya nje. Kisha mtambo wa ndani hutengeneza wimbi lililo kinyume: pale wimbi la kelele linapopanda, hili linashuka. Mawili hayo yakikutana hupunguzana nguvu.

Wazo hili si jipya. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Dk. Amar Bose, profesa wa Marekani, alisumbuliwa na mngurumo wa ndege akiwa safarini kutoka Ulaya, akaanza kupiga hesabu za kuuzima. Kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, na za abiria wa kawaida mwaka 2000.

Chanzo hicho cha ndege kinatuonyesha uwezo wake. Hedifoni hizi hushinda vizuri mngurumo mzito usiobadilika, kama wa injini ya basi, jenereta au feni. Kwa sauti za ghafla au nyembamba, kama honi, kilio cha mtoto na maongezi ya watu, nguvu yake ni ndogo.

Faida yake ya kweli

Mtu akiwa ndani ya basi lenye kelele huongeza sauti ya redio au simu ili ishinde injini. Hapo ndipo masikio yanapoumia. Mngurumo ukipunguzwa, ataweza kusikia vizuri kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo faida kubwa kwa afya. Lakini anayewasha kizima-kelele na bado akafungulia sauti hadi mwisho amepoteza fedha zake, na masikio yake pia.

Jambo jingine: hedifoni za muziki si kinga ya kazini. Anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga, ya kuranda mbao au ya kukata vyuma anahitaji vizibo au vifuniko vya masikio vilivyotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo.

Tukilinganisha tatu zinazojulikana

Sony WH-1000XM5 ilitoka mwaka 2022 kwa dola 400 za Marekani. Ina uzito wa gramu 250, na betri yake hudumu saa 30 kizima-kelele kikiwa kimewashwa. Haikunjiki ikawa ndogo. Bose QuietComfort Ultra ya mwaka 2023 ilianza kwa dola 429. Betri yake hudumu saa 24, nayo hukunjika, jambo linalomfaa msafiri. AirPods Max ya Apple ya mwaka 2020 ilianza kwa dola 549. Ina uzito wa gramu 385 hivi na betri ya saa 20, nayo humfaa zaidi mwenye simu ya kampuni hiyohiyo.

Zote tatu huzima mngurumo vizuri sana. Kwa hiyo bei kubwa isiwe ndiyo kipimo. Wala si lazima kununua hizi, kwani siku hizi zipo za bei nafuu zaidi zenye uwezo wa kufaa. Kabla ya kulipa, angalia haya:

1. Zikae vizuri. Mito yake ifunike sikio lote bila kuacha nafasi. Kelele ikipenya pembeni, utaongeza sauti.

2. Uzito. Vaa kwa dakika 15 dukani ikiwezekana. Zinazobana au kulemea zitamchosha anayeumwa shingo au kichwa.

3. Umeme. Uliza kama zinatoa sauti kwa waya betri inapoisha. Nyingine hunyamaza kabisa.

4. Mito ya kubadilisha. Mito huchakaa kwa jasho. Iwe inaweza kutolewa, kusafishwa na kupatikana mipya.

5. Kitufe cha kuruhusu sauti za nje, ili uweze kumsikia anayekuita bila kuzivua.

6. Jihadhari na bidhaa bandia. Hedifoni yenye jina kubwa kwa bei ya kutupa ni ya kutiliwa shaka.

Kwa mtoto, tafuta hedifoni yenye kizuizi cha sauti, na mzazi uivae kwanza uipime mwenyewe.

Matumizi nyumbani na njiani

Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kuweka kikomo, hivyo kiwekeni pamoja na watoto wenu. Pumzisha masikio kila baada ya saa moja. Usivae hedifoni unapovuka barabara, unapoendesha baiskeli au pikipiki, wala unapobaki peke yako na mtoto mchanga. Usiazimane zile za kuchomeka sikioni, maana huweza kuambukiza.

Ukisikia mlio masikioni baada ya muziki, au ukianza kuwaomba watu warudie maneno, hiyo ni dalili. Punguza sauti siku hiyohiyo, na hali ikiendelea nenda hospitali ukapimwe usikivu. Usimwage mafuta wala dawa yoyote sikioni bila kuelekezwa.

Basi, ndugu msomaji, ndugu yako akikuuliza akuletee ipi, mwambie ile inayokaa vizuri kichwani na isiyowatia deni. Hedifoni ikiharibika hununuliwa nyingine, lakini sikio halina spea.