Filamu ya Mbaraka: Ipo au Haipo?

Ubishi wa wazee wa Lugoba ulivyoingia mpaka chumbani kwetu

Wapo wapenzi wanaogombana kwa sababu ya simu. Wapo wanaogombana kwa sababu ya pesa au mawifi. Sisi tulinuniana siku tatu nzima kwa sababu ya filamu ambayo si mimi wala mume wangu aliyewahi kuiona! Usicheke, msomaji. Huenda na nyinyi nyumbani mna filamu yenu ya aina hiyo.

Filamu yenyewe inasemekana inamwonyesha Mbaraka Mwinshehe Mwaruka na Morogoro Jazz wakitumbuiza Osaka, Japani, mwaka 1970. Kwa nyie wa kizazi cha Bongo Fleva, tuwekane sawa kidogo. Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 Mzenga, Kisarawe, mkoa huu huu wa Pwani, akaja kuwa mpiga solo na mtunzi ambaye mpaka leo wazee wakimsikia wanafumba macho. Mwaka 1970 yeye na bendi yake waliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70, yaliyofanyika Osaka kuanzia Machi hadi Septemba na kutembelewa na watu zaidi ya milioni 64. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34 tu.

Sauti yake ipo, tena nyingi. Sahani zilitoka, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za enzi hizo kwenye mikanda ambayo leo iko mikononi mwa TBC. Shida ni picha inayotembea. Bara hatukuwa na televisheni kabisa mpaka mwaka 1994, zilipoanza stesheni binafsi. Ya taifa ilikuja mwaka 2000. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Morogoro siyo Zanzibar. Ndiyo maana kizazi kizima cha dansi kimebaki masikioni tu.

Kambi tatu za Lugoba

Ukwe wangu uko Lugoba, pale kwenye barabara kuu kati ya Chalinze na Msata, malori ya kokoto yakipishana mchana kutwa. Jioni wazee hukaa kwenye benchi nje ya duka, redio ndogo katikati, na zikija zilipendwa ubishi unaanza.

Kambi ya kwanza inaongozwa na baba mkwe. Yeye anasema filamu ipo na aliiona kwa macho yake. Gari la sinema lilikuja, wakatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, na pale akamwona Mbaraka na gitaa lake, Wajapani wakipiga makofi. Ukimuuliza mwaka gani, anajibu, "Kabla ya mkubwa wenu hajazaliwa." Basi.

Kambi ya pili ni ya vijana wa bodaboda. Hoja yao ni fupi: kama ipo, mbona haipo YouTube? Kwao kitu ambacho hakiko kwenye simu hakijawahi kutokea.

Kambi ya tatu ina mtu mmoja, mjomba wa mume wangu, aliyekuwa fundi redio. Huyu ndiye aliyenikuna. Anasema magari yale yalikuwa na spika kubwa, na kabla ya picha, hata wakati wa picha, jamaa walikuwa wanapiga sahani kuchangamsha watu. "Inawezekana kabisa," alisema, "mlionyeshwa habari fupi za Osaka, na huku spika inapiga Morogoro Jazz. Jicho likaona Japani, sikio likasikia Mbaraka, kichwa kikaunganisha."

Benchi zima likanyamaza. Baba mkwe akachukua fimbo yake, akaenda zake ndani.

Kumbe siyo filamu tu

Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba maelezo ya mjomba yana mantiki. Akageukia ukutani. "Kwa hiyo unamwita baba muongo?" Nikamwambia sijasema hivyo, nataka ushahidi tu. Akasema mimi kila kitu nataka risiti. Asubuhi chai tulikunywa kimya.

Aliyenifungua macho ni wifi yangu mkubwa, tukiwa jikoni tunakuna nazi. Akaniambia usiku ule wa gari la sinema ndiyo siku ya kwanza baba yao kukaa jirani na mama yao, wakiwa bado wachumba wa kujificha. Walikaa kwenye khanga moja. Mama alishatangulia mbele ya haki, na picha yake ya ujana haipo hata moja. Iliyobaki ni ndogo ya kitambulisho, ya utu uzima.

Hapo nikaelewa. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu Mbaraka, mzee alikuwa anaulinda usiku wake. Ukimwambia filamu haipo, anasikia kwamba hata ule usiku haukuwepo.

Vinavyopotea na vinavyorudi

Lakini ukweli nao una haki yake, kwa hiyo tuutazame. Miaka ile mikanda ya video ilikuwa ghali, na televisheni kubwa duniani zilifuta vipindi ili zirekodi vingine juu yake. BBC walifanya hivyo, na NHK ya Japani pia. Hata NASA walikiri mwaka 2009 kwamba mikanda ya awali ya kutua mwezini mwaka 1969 huenda ilifutwa ikatumika tena. Filamu nazo haziko salama. Zikikaa kwenye joto na unyevu kama huu wa Pwani zinaanza kunuka siki, zinajikunja, mwisho zinaharibika.

Upande wa pili, kuna vilivyofufuka. Tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, lililowakutanisha James Brown, Miriam Makeba na Franco, lilipigwa picha nyingi sana, zikakwama miaka mingi mpaka filamu ya Soul Power ikatoka mwaka 2008. Tamasha la Harlem la mwaka 1969 lilikaa kwenye mikanda karibu miaka 50 kabla ya Summer of Soul ya mwaka 2021. Na vipindi tisa vya Doctor Who, ambavyo Waingereza walishavilia, vilitangazwa mwaka 2013 kuwa vimepatikana Jos, Nigeria!

Na Osaka? Wajapani walitengeneza filamu rasmi ndefu ya Expo 70, kamera zilikuwa kila kona. Kwa hiyo kusema haiwezekani ni kukurupuka. Kusema ipo kwa sababu mzee kasema, nako hakutoshi. Mimi nimebaki katikati, na mume wangu sasa anakubali katikati pana nafasi ya watu wawili.

Mfanyeje wewe na mwenzi wako?

Kwanza, mzee akisimulia, usimkatize na "una uhakika?" Muulize ulikaa wapi, na nani, ulivaa nini, sauti ilitoka upande gani. Maswali hayo yanakupa ushahidi zaidi, na heshima inabaki.

Pili, mrekodi kwa simu leo, siyo Idi ijayo. Taja jina, mahali na tarehe, kisha hifadhi nakala mbili sehemu tofauti.

Tatu, ukikuta kopo la filamu au kaseti kuukuu darini, usisafishe wala usijaribu kuicheza kwenye mashine mbovu. Iweke pakavu na penye ubaridi, tafuta mtaalamu.

Nne, angalieni mkanda wa harusi yenu. Kama uko kwenye VHS au CD iliyochunika, uhamisheni wiki hii hii. Wajukuu wenu watakuja kubishana kama kweli bibi alicheza hivyo.

Sisi tumesharekodi saa moja na nusu ya baba mkwe. Mbaraka kazungumziwa dakika kumi. Dakika zote zilizobaki ni za mama.