Aliyepata Nafuu Amtibu Mwenzake

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika tiba ya uraibu, yaani hali ya mtu kutawaliwa na pombe au dawa za kulevya hata akashindwa kuacha ingawa anataka, maneno hayo yamekuwa msingi wa njia maalumu ya matibabu. Kiongozi wa tiba hiyo ni mtu aliyewahi kuwa mraibu, akaacha, na akadumu katika nafuu kwa miaka mingi. Swali linaloikabili sayansi ni hili: je, uzoefu wa namna hiyo ni dawa, na kama ni dawa, mpaka wake uko wapi?

Uraibu ndani ya ubongo

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, hugeuzwa mwilini kuwa mofini. Katika chembe za ubongo kuna vipokezi ambavyo kwa kawaida hupokea kemikali za kutuliza maumivu zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Mofini huingia katika vipokezi hivyo kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Ndipo kemikali iitwayo dopamini humwagika kwa wingi katika sehemu ya ubongo inayotufunza ni jambo gani lifaalo kurudiwa.

Unga utumiwapo mara kwa mara, mwili huuzoea, na kipimo kilichotosha jana leo hakitoshi. Mtumiaji akiukosa hushikwa na maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha, jasho na kukosa usingizi. Hali hiyo ndiyo vijana wa mitaani huiita arosto. Makali yake hupungua baada ya wiki moja hivi, lakini tamaa huendelea kwa miezi, hata miaka. Kwa hiyo kuusafisha mwili ni mwanzo tu wa tiba. Kazi ngumu ni kuishi siku zinazofuata.

Mazungumzo ya Akron

Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa katika mji wa Akron, Marekani. Alikuwa na miezi 5 tu tangu aache pombe, na shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Alipohisi tamaa ya kunywa inamrudia, alimtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa amezama katika ulevi.

Daktari huyo hakuwa na upungufu wa elimu kuhusu madhara ya pombe. Alichokikosa ni mtu wa kuzungumza naye aliyeyajua madhara hayo kwa kuyaishi. Siku Smith alipoacha kunywa, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous. Mwaka 1953 watumiaji wa dawa za kulevya huko California walianzisha chama chao, Narcotics Anonymous, kwa kufuata mfano huo.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika mazungumzo yale Wilson naye alipona kishawishi chake. Mwaka 1965 mwanasayansi wa jamii Frank Riessman alieleza kanuni hiyo: anayesaidia hufaidika kama anayesaidiwa, na pengine zaidi.

Ushahidi wa utafiti

Mwaka 2020 shirika la Cochrane lilitoa mapitio ya tafiti 27 zilizohusu watu 10,565 wenye uraibu wa pombe. Katika kila watu 100 walioongozwa kitaalamu kujiunga na Alcoholics Anonymous, 42 hivi walikuwa hawajagusa pombe baada ya mwaka mmoja. Kwa waliopewa tiba nyingine za mazungumzo, idadi ilikuwa 35. Tofauti hiyo si muujiza, lakini ina thamani kubwa kwa kuwa mikutano ya vikundi hivyo haina ada. Hata hivyo, ushahidi huo ni wa pombe. Haifai kudhani kwamba heroini itafuata hesabu ileile.

Nyumba za upataji nafuu

Katika pwani ya Afrika Mashariki njia hii imechukua sura ya nyumba za upataji nafuu, ambazo zilianza kuenea Zanzibar tangu mwaka 2009. Wakazi huamka kwa saa maalumu, hufanya usafi, hupika na kuhudhuria mikutano. Mgeni huwekwa chini ya uangalizi wa mtu aliyetangulia. Mwangalizi huyo hutambua visingizio upesi, maana yeye mwenyewe aliwahi kuvitoa. Aidha, kuwepo kwake ni ushahidi kwamba kupata nafuu kunawezekana.

Mpaka wa uzoefu

Lakini uzoefu peke yake waweza kuua. Mraibu wa pombe wa muda mrefu akiacha ghafla bila uangalizi wa daktari aweza kupatwa na degedege na kufa. Kwa heroini, hatari kubwa huja baadaye. Mtu aliyekaa miezi kadhaa bila unga, mwili wake umepoteza mazoea. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi yaweza kusimama. Dawa ya naloksoni, ikiwahi kutolewa, huiondoa heroini katika vipokezi na kuokoa maisha.

Kadhalika, wapo wanaoidharau methadoni kwa kusema kwamba ni kubadili ulevi kwa ulevi. Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha huko New York mwaka 1965 kwamba dawa hiyo, ikinywewa mara moja kwa siku, huzuia arosto bila kumlevya mgonjwa aliyeizoea. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba hupunguza vifo. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Zanzibar mwaka 2015. Dole mwenyewe alikuwa pia mmoja wa wadhamini wa Alcoholics Anonymous. Hakuona ugomvi kati ya kikombe cha dawa na kikao cha wenzi.

Hivyo elimu hizi mbili zahitajiana. Daktari ajua kinachotendeka katika kipokezi, na aliyepata nafuu ajua kinachotendeka saa nane za usiku, tamaa inapobisha hodi na zahanati imefungwa. Mgonjwa anayenyimwa mmoja wao amepewa nusu ya tiba.