Kabla hujasema riwaya za kale za Uingereza hazikuhusu, kutana na Pip

Umewahi kupigiwa simu na mtu wa nyumbani ukiwa na marafiki wapya, ukatoka nje haraka ili wasisikie mnavyoongea? Kama jibu ni ndiyo, kuna kijana anaitwa Pip ambaye mtaelewana.

Pip ni mhusika mkuu wa Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens iliyoanza kuchapishwa mwaka wa 1860. Ni yatima aliyelelewa kijijini na dada yake mkali pamoja na mume wa dada huyo, Joe, mhunzi mpole ambaye kusoma kunamlemea. Siku moja Pip anaambiwa kuna mtu, jina limefichwa, atakayemgharamia aende London akawe bwana mkubwa. Akifika jijini, anavaa kinadhifu, anakopa ovyo na kuanza kumwonea Joe haya. Joe anapomtembelea, amevaa suti isiyomkaa na kofia inaanguka kila mara, Pip anatamani asingekuja.

Hiyo ni London ya karne ya 19. Lakini tuambiane ukweli: wangapi kati yetu tulifika Nairobi kutoka ushago tukafanya vivyo hivyo?

Shida ni kwamba wengi tuliambiwa vitabu hivi ni vya kunoa Kiingereza au kupita mtihani. Dickens hakuandikia mtihani. Mwaka wa 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa jela kwa sababu ya madeni, naye akafanya kazi ya kubandika lebo kwenye vyombo vya rangi ya viatu. Aliificha aibu hiyo, na umma ulikuja kuijua baada ya kifo chake. Anapoandika kuhusu pesa na aibu, anajua anachosema.

Ama chukua Jane Eyre ya mwaka wa 1847. Charlotte Brontë aliitoa kwa jina la bandia, Currer Bell. Kama ulisoma shule ya bweni, sura za mwanzo utazitambua: baridi, chakula kibovu, mkubwa anayehubiri unyenyekevu huku yeye akila vizuri. Brontë alipoteza dada zake wawili mwaka wa 1825 baada ya kuugua katika shule ya bweni. Jane hana pesa wala wa kumtetea, lakini anamwambia tajiri aliyemwajiri kwamba wao ni sawa kiutu.

Frankenstein je? Kwanza, hilo si jina la zimwi. Ni jina la mwanafunzi wa chuo anayeunda kiumbe, kisha anakitoroka. Mary Shelley alianza kuiandika akiwa na miaka 18, na ikachapishwa 1818. Wewe unayesomea kompyuta, swali lake bado liko mezani: ukiunda kitu kikaumiza watu, nani atawajibika?

Lakini usivisome kama msahafu. Katika Jane Eyre kuna mwanamke kutoka Jamaica anayesawiriwa kama mnyama, bila nafasi ya kujieleza. Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, aliudhika, na mwaka wa 1966 akatoa Wide Sargasso Sea, riwaya inayompa mwanamke huyo sauti yake. Nawe una haki ya kubishana na kitabu.

Habari njema ni kwamba hakimiliki za riwaya hizo tatu za kwanza zimekwisha. Unazipata bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Ukishapakua, huhitaji bando tena. Anza na Frankenstein, ndiyo fupi zaidi. Maelezo yakikuchosha, ruka. Neno moja likikupiga chenga, songa mbele, sentensi inayofuata huenda ikakufafanulia.

Na kama Great Expectations inaonekana nene, kumbuka ilitoka kila wiki kwenye jarida, kama vile wewe unavyosubiri sehemu mpya ya kipindi unachopenda. Ina sura 59. Sura moja kila siku ukiwa kwenye matatu, miezi miwili umemaliza.

Ukifika sura ya 27, Joe atakuwa amekuja London. Isome polepole. Halafu simu ya nyumbani ikiita tena, si lazima utoke nje.